Kijiji cha Hedwig Kinywani mwa Yudita

Asubuhi ya mwisho ya kawaida ilikuwa Jumanne, mwezi wa kwanza, Louisville, Marekani, mtaa wa Iroquois. Yudita aliamka kabla ya Enoki, kama siku zote. Alifungua pazia la jikoni, akasema kuna barafu kwenye ngazi, akabandika uji. Enoki alivaa soksi mbili mbili. Wakagombana kidogo juu ya mashine ya joto: mume anataka iongezwe, mke anasema nyumba si chungu.

"Vaa kofia," Yudita alisema.

"Si hii nimevaa?"

"Hiyo ya kanisani. Vaa ile mbaya."

"Ile mbaya iko wapi?"

"Umeikalia."

Kweli alikuwa ameikalia. Yudita akacheka mpaka akashika meza. Halafu akamwagiza vitunguu kwa Msomali wa kona, vile vyekundu, si vyeupe, maana juzi alimletea vyeupe. Enoki akashuka ngazi akishika chuma. Hakugeuka nyuma. Duka ni mwendo wa dakika kumi. Mtu hageuki kwa dakika kumi.

Aliporudi, mlango ulikuwa wazi. Florida, mama wa Kirundi anayekaa chini yao, alikuwa amesimama kwenye ngazi na simu mkononi.

"Wamempeleka, baba. Nilisikia kitu kizito kimeanguka, nikapanda mbio."

Mshipa ulikuwa umepasuka kichwani. Yudita alilala hospitalini siku tatu, macho yamefungwa. Siku ya nne asubuhi hakuwapo tena. Shami, binti yao, ambaye alikuwa amefika kutoka Columbus akiendesha gari peke yake, ndiye aliyetia sahihi karatasi zote. Enoki alirudi nyumbani, akaviweka vitunguu kwenye kikapu chake, akakaa kitini na koti mwilini. Hakulia. Watu waliokuja kumfariji walimkuta vile, na walipoondoka walimwacha vile.

Enoki na Yudita walikuwa watu wa milimani, Kivu ya Kusini, watu wa ng'ombe. Vita viliwateremsha Uvira, vikawavusha mpaka Burundi, wakakaa kambini miaka tisa, kisha ndege. Karatasi zao zinasema wote wawili walizaliwa tarehe moja mwezi wa kwanza. Ndivyo zinavyosema karatasi za nusu ya kanisa lao. Mwaka Mpya ukifika, watu hutaniana kwamba kanisa zima limezeeka siku moja.

Louisville, Enoki alipanga maboksi ghalani mpaka mgongo ukakataa. Yudita alipata kazi ya kutunza wazee majumbani. Hakuwa na shule hata siku moja. Kiingereza chake kilikuwa cha kazi: kaa, simama, meza, pole, asante. Kwa maneno hayo matano alitunza wazee saba, mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho alikuwa Bibi Hedwig.

Bibi Hedwig alikuwa Mjerumani. Aliolewa na askari wa Kimarekani vita vyao vilipokwisha, akaletwa Louisville msichana wa miaka ishirini na mmoja. Yudita alimkuta na themanini na saba. Watoto wake walikuwa mbali na wana shughuli. Alikuwa amekataa kula. Wafanyakazi watatu walikuwa wameshaondoka, kwa sababu bibi alirusha sahani na alikuwa na shabaha.

Siku ya kwanza Yudita hakumpa chakula. Alikaa. Milimani kwao, ukiingia kwa mzee usiyemjua, huanzi na kazi. Unamuuliza kwao ni wapi. Akianza kusema unanyamaza mpaka amalize, hata kama mvua imeingia. Akimaliza unamrudishia maneno yake, ajue yamefika. Na siku hiyohiyo, ukifika nyumbani, unamsimulia mtu mwingine, yasilale kwako peke yako.

Basi Yudita aliuliza, "Nyumbani wapi?"

Hedwig aligeukia meza. Akachukua kijiko, akakilaza mezani: mto. Akaweka kikombe: kanisa. Akaweka kichupa cha chumvi: soko. Akaanza kusema. Alipochoka, Yudita akagusa kijiko, akasema mto. Akagusa kikombe, akasema kanisa. Akagusa kichupa, akasema soko. Bibi akafungua kinywa, akalishwa.

Ikawa hivyo miaka mitano. Mwaka wa kwanza Yudita alielewa robo. Lakini Hedwig alikuwa na ugonjwa wa kusahau, alirudia yaleyale kila siku, kwa hiyo kilichopotea Jumatatu kilipatikana Jumatano. Mwaka wa tatu, Hedwig akikosea, Yudita alimsahihisha.

Na kila jioni, akishavua viatu, Yudita alimletea Enoki kijiji kile nyumbani.

Kijiji kinaitwa Weidenfurt. Kiko kando ya mto Main. Kilianza kwa sababu hapo maji ni mapana na hayana kina. Watu walivuka na punda, wakatokea ng'ambo wamelowa na wana njaa, mmoja akaanza kuwauzia mkate. Ndiyo asili yake. Halafu, zaidi ya miaka mia tano iliyopita, askofu mmoja aliyekuwa mwenye nchi akawapa karatasi yenye muhuri, ruhusa ya soko kila Jumanne. Wakajenga nyumba ya soko kwa mbao na udongo. Ukutani wakapigilia fimbo ya chuma yenye urefu wa halali. Ukiona muuza kitambaa amekupunja, unakwenda na kitambaa chako, unakipima kwenye fimbo mbele ya watu wote. Hedwig aliishika fimbo hiyo utotoni. Ilikuwa imelainika kwa mikono ya waliodhani wameibiwa.

Mto ulikuwa unajaa. Kila ulipojaa walichonga mstari kwenye kona ya nyumba ya soko, na mwaka wake. Mstari wa juu kabisa ulimpita mtu mzima kichwa. Mashua za mizigo zilikokotwa na farasi kupanda mto, farasi wakitembea ukingoni na kamba. Jumanne waliuza vitunguu, samaki, divai, ndama. Kisha reli ikaja, nayo ikajengwa ng'ambo ya pili. Wenye mali wakahama kuifuata. Weidenfurt ikabaki na wauza vitunguu, na karatasi ya askofu kwenye kabati.

Kulikuwa na kipande ambacho Yudita alikisema amesimama. Hapo Weidenfurt kulikuwa na jamaa mbili za Wayahudi, wauza ng'ombe, watu wa miaka mingi pale. Asubuhi moja, Hedwig akiwa na miaka kumi na mitatu, walipangwa barabarani na masanduku yao, wakapelekwa. Ilikuwa Jumanne. Saa mbili soko lilifunguliwa kama kawaida. Mama yake Hedwig alinunua vitunguu. Hedwig alimwambia Yudita habari hiyo kwa sauti ndogo, na hiyo peke yake hakuwahi kuikosea.

Baadaye kengele ya kanisa ilichukuliwa ikayeyushwe. Daraja likalipuliwa na askari wa kwao wenyewe, siku mbili kabla ya Wamarekani kufika. Kisha wakaja wakimbizi kutoka mashariki, Wajerumani wenzao, na mikokoteni na magodoro. Kila nyumba iliambiwa itoe chumba. Watu walinuna. Yudita alipofika hapo alikuwa anamwambia Enoki, "Unaona? Hata wao kwa wao."

Hayo yalikuwa makubwa. Na kulikuwa na madogo, ambayo Enoki aliyapenda zaidi.

Kulikuwa na mwanamke wa chumvi. Huyo alikaa juu ya jiwe moja katikati ya soko miaka arobaini. Mtoza ushuru alipokuja alimwambia, jiwe hili nililikuta, wewe nimekukuta?

Kulikuwa na ng'ombe aliyekataa kuvuka. Siku watu wanakimbia askari, wote walivuka mto, yeye akasimama. Walimpiga, wakamwimbia, wakamvuta mkia. Mwishowe mwenye ng'ombe akamwambia, haya, baki utulindie soko. Wakamwacha amesimama majini mpaka magoti.

Na kulikuwa na mtoto wa kike aliyetumwa sokoni na kibuyu cha samli. Anavuka juu ya gogo, akaona samaki, akainama, kibuyu kikaanguka. Maji yakakichukua. Mtoto akakimbia ukingoni analia, anakiita kibuyu kama mtu anavyoita mbuzi. Mbele, kwenye matete, akamkuta mwanamume wa bondeni, mtu wa lugha nyingine, amekishika, hakijapasuka. Yule mtu hakumuuliza chochote. Alimfungia kibuyu mgongoni kwa kamba yake mwenyewe, akamgeuza, akamsukuma kidogo: nenda.

Jioni moja Enoki aliuliza, "Kumbe Wajerumani nao wanabeba samli kwa kibuyu?"

"Zamani watu wote walibeba."

"Na wanavuka juu ya gogo? Si ulisema wana daraja?"

"Daraja lililipuliwa. Wewe unasikiliza au unahukumu?"

"Ninasikiliza."

"Bon, haya. Sikiliza."

Hedwig alipokufa, Enoki alidhani kijiji nacho kimeisha. Hakikuisha. Yudita aliendelea kukisimulia, na madogo yakazidi kuwa mengi.

Sasa Yudita mwenyewe alikuwa chumba cha baridi, na mazishi yalikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata.

Kwa desturi yao mtu hazikwi kabla historia yake haijasemwa mbele ya watu. Alizaliwa wapi, kwa nani, alikua vipi, aliolewaje, alipita wapi. Inasemwa na mtu wa tumbo moja naye, au mkubwa wa ukoo. Kumzika mtu bila historia yake ni kumzika kama aliyeokotwa njiani. Ya Yudita ilikuwa ya kusemwa na kaka yake, Nyarugabo, aliyekaa Buffalo, mbali kaskazini. Ndiye peke yake aliyebaki kwao. Alikuwa aje Ijumaa.

Alhamisi theluji ilianguka Buffalo. Ijumaa ikaendelea. Jumamosi asubuhi Nyarugabo alipiga simu ya picha. Nyuma yake dirisha lilikuwa jeupe tupu, halionyeshi chochote.

"Shemeji, barabara zimefungwa. Mlango wenyewe haufunguki. Sema wewe."

"Niseme nini?"

"Historia ya dada yangu. Umeishi naye miaka hamsini na mbili."

Hapo ndipo Enoki alipoanza kuogopa. Hofu ilikuwa ndogo, imekaa mahali pamoja, kama jiwe kwenye kiatu. Alikuwa hajui historia ya mke wake.

Alijua kuanzia ndoa. Kabla ya hapo hakujua. Yudita alitoka mbali, mwendo wa siku tatu, upande wa pili wa msitu. Mambo ya kuposa yalikuwa ya wazee. Enoki alikuwa na ng'ombe malishoni, hakufika kwao hata siku moja. Bibi harusi aliletwa. Baadaye, katika vita vya kwanza vya huko Kivu, kijiji chao kilichomwa na wazazi wake wakafa humo, na Yudita hakukitaja tena. Enoki hakuuliza. Mwanzoni hakuuliza kwa sababu alikuwa kijana wa ng'ombe, na vijana wa ng'ombe hawaulizi wake zao habari. Baadaye hakuuliza kwa sababu alimwonea huruma. Miaka hamsini na mbili ikapita hivyo.

Shami alikuwa ameandika karatasi. Alimwekea baba yake mkononi.

"Baba, ukikwama nitazame. Nitakusomea."

"Imesema nini?"

"Tarehe. Alizaliwa tarehe moja mwezi wa kwanza..."

"Hiyo ni ya serikali."

"Ndiyo iliyopo, baba."

Kanisa lilijaa. Walikuja kutoka Louisville yote, na magari mawili kutoka Columbus. Simu yenye uso wa Nyarugabo iliegemezwa kwenye Biblia juu ya kiti cha mbele, amkabili msemaji. Mchungaji Gatsinzi akasema, "Familia itupe historia ya mama." Enoki akasimama. Akaitazama karatasi, ambayo hakuweza kuisoma, akaikunja, akaiweka mfukoni.

"Yudita alizaliwa," alisema.

Watu wakangoja. Mtu akakohoa. Enoki alitafuta ndani ya kichwa chake na mle hamkuwa na mtu, ila sauti ya mke wake, jioni, miguu juu ya kigoda. Akaifuata.

"Kulikuwa na kijiji kando ya mto," alisema. "Maji pale ni mapana na hayana kina. Watu walivuka wamelowa na wana njaa."

Akaendelea. Alisema karatasi ya askofu. Alisema fimbo ya chuma na mistari ya mafuriko. Alisema farasi na kamba zao. Alisema Jumanne ile, na vitunguu vilivyonunuliwa. Watu wakaanza kutazamana, lakini mzee mwenye msiba hakatizwi, kwa hiyo hakuna aliyemkatiza. Alisema daraja. Alisema mwanamke wa chumvi, na nyuma mtu mmoja akacheka, akajiziba mdomo. Alisema ng'ombe. Alisema mtoto na kibuyu, mpaka kamba, mpaka kusukumwa kidogo. Kisha hakukuwa na zaidi. Akakaa. Alikuwa amesema dakika arobaini, na jina la Yudita alikuwa amelitaja mara moja.

Mchungaji Gatsinzi alisimama polepole. "Tumshukuru Mungu kwa maneno ya mzee," alisema, akawaomba waimbe.

Wakazika. Ardhi ilikuwa ngumu, mashine ndiyo iliyochimba. Kwenye chakula Enoki aliwasikia wanawake wawili nyuma ya masufuria.

"Amechanganyikiwa, maskini."

"Askofu gani yule, wa Bukavu?"

"Wa Ujerumani, nasikia."

"Ujerumani? Yudita alifika Ujerumani lini?"

Shami hakumlaumu. Alimvalisha tu koti, akamfunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, kama anavyomfunga mtoto wake. Na Nyarugabo, uso wake kwenye simu, alikuwa amezima kabla ya wimbo kuisha. Hakupiga siku hiyo. Hakupiga wiki hiyo.

Enoki alichukuliwa Gahanna, nyumbani kwa Shami, Columbus. Alipewa chumba chenye dirisha. Ndege zilipita juu ya paa kuelekea uwanjani, akazitazama. Shami alikwenda kazini na kurudi. Mjukuu wake Isaro alimletea chakula, akamwuliza kwa Kiingereza kama anataka televisheni. Yeye akajibu kwa Kiswahili kwamba ameshiba. Kila mmoja akaridhika na jibu lake. Alikula. Alilala. Mwezi wa pili ukapita. Hakuwa na maumivu ambayo angeweza kuyaonyesha kwa kidole. Kitu kimoja tu kilikuwa macho ndani yake: kwamba amemzika mke wake na historia ya mwanamke mwingine. Amemtupa kama aliyeokotwa, mbele ya watu, na kaka yake akiona.

Mwezi wa tatu alimwambia Shami, "Nipeleke Buffalo."

"Baba, ni mwendo wa saa tano na nusu."

"Nataka kumwomba mjomba wako msamaha. Na aniambie historia ya mama yako. Nitairudia mbele ya kanisa. Mchungaji atanipa Jumapili moja."

"Ungempigia simu."

"Msamaha wa simu?"

Wakaenda Jumamosi. Njia nzima alikaa kimya, mikono magotini. Buffalo theluji ilikuwa bado imelundikana kando ya barabara, imekuwa nyeusi. Nyarugabo alitoka mlangoni na fimbo yake, mzee mrefu, kofia mpaka nyusi. Walikumbatiana kwa adabu ya kwao, kichwa huku, kichwa huku, wakiulizana hali za watu wote walio hai. Wakaingia. Maziwa ya moto yakaletwa. Enoki hakuyagusa.

"Shemeji," alisema, "nimekuja na kosa."

"Kosa gani?"

"Siku ile. Nilisema habari za Wajerumani. Hedwig alimpa Yudita, Yudita akanipa mimi, na mimi nilikuwa sina nyingine. Ya kwenu sikuwa nayo. Nimemfukia dada yako bila historia. Wewe ulizima simu, na ulikuwa na haki."

Nyarugabo alimtazama kama mtu anayetafuta kama anataniwa.

"Nilizima simu kwa sababu nilikuwa ninalia," alisema. "Na nilikuwa na watoto chumbani."

"Ulikuwa unalilia nini?"

"Mwanamke wa chumvi. Enoki, yule ni nyanya yetu."

Enoki aliinua uso.

"Nyanya yetu, mama yake baba. Tulikuwa na soko la Jumatano, pale mto unapotoka msituni. Watu wa bondeni wanapanda na chumvi na mawese, sisi tunashuka na samli na maharage. Nyanya alikuwa na jiwe lake. Jamaa wa ushuru alikuja kutoka kwa chifu. Jiwe hili nililikuta, wewe nimekukuta? Watu walicheka mwaka mzima. Ujerumani imeingilia wapi?"

Shami aliweka kikombe chake chini.

"Ngoja," Enoki alisema. "Fimbo ya chuma?"

"Hiyo siijui. Sisi tulipimia kwa mkono."

"Mistari ya mafuriko?"

"Hapana. Hatukuwa na ukuta wa kuchonga."

"Karatasi ya askofu? Daraja?"

"Daraja gani, shemeji! Gogo."

"Na Jumanne ile. Wauza ng'ombe, na masanduku."

Nyarugabo alitikisa kichwa. "Hiyo ni ya yule bibi. Tulikuwa na zetu, lakini hiyo ni yake."

"Ng'ombe?"

"Ng'ombe aliyesimama majini? Ni Gaju, wa baba. Nilimvuta mkia mimi, kwa mikono hii. Baba alimwambia baki utulindie soko, akamgeuzia mgongo, na hakutaka tumwone uso mpaka tumefika juu."

Enoki alichelewa kuuliza la mwisho. Alilipitisha mdomoni kwanza bila sauti.

"Mtoto wa kibuyu."

"Nani mwingine?" Nyarugabo alisema. "Ni yeye mwenyewe. Alikuwa na miaka saba au minane. Alirudi na kibuyu kimefungwa mgongoni, kamba imekazwa vizuri sana, mama akashindwa kufungua fundo. Fundo la kwao kule bondeni, hatulijui. Tulilikata kwa kisu. Yudita akalia zaidi kwa kamba kuliko alivyolia kwa samli." Akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Donc, yaani ulisema historia yake yote, wewe. Ulikosa tu jina lake. Nilisema, huyu mtu anajua mambo ambayo hata mimi nilikuwa nimeyasahau."

Enoki aliyatazama maziwa. Yalikuwa yameanza kufanya utando. Alijua kwamba sasa angeweza kulia na hakuna ambaye angemzuia. Machozi hayakuja. Alikaa tu, na lile jambo lililokuwa macho ndani yake halikuwa macho tena, lilikuwa limejilaza.

"Lakini kwa nini alisema ni za Hedwig?" Shami aliuliza. "Mjomba, kwa nini hakusema tu, mtoto yule ni mimi?"

"Mimi sijui. Muulize baba yako."

Wote wawili wakamgeukia. Enoki alifikiri. Kulikuwa na Jumapili moja, wametoka kanisani, Hedwig ameshakufa miezi michache. Yudita alikuwa anachambua maharage kwenye sinia. Yeye Enoki, sijui nini kilimwingia, alimwambia: leo acha za Weidenfurt, nisimulie za kwenu, hata kidogo. Yudita hakuinua macho kutoka kwenye sinia. Maneno yake Enoki aliyakumbuka yote, maana yalikuwa machache. Akawaambia Shami na Nyarugabo kama alivyoyasikia:

"Ya kwetu nikiisema nitalia, na wewe utalia, na kesho iko kazi. Ya Hedwig naisema, tunakula, tunalala."